Difu Uliyoifunga Jumapili

Shija mwanangu,

Salamu tumekwisha kupeana. Asubuhi uliniamkia mlangoni, nikakuitikia, kisha ukaenda kumuaga bibi yako. Utarudi kabla ya jua kuzama, na kesho alfajiri utaondoka na gari kwenda Geita. Anayeandika barua hii ni mdogo wako Kabula, kwa sababu mkono wangu unaijua spana kuliko kalamu. Mimi nasema kwa Kisukuma, yeye anaandika kwa Kiswahili alichofundishwa na masista. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze neno. Amenijibu kwamba atapunguza matusi tu.

Sitakuambia habari za kula, za kulala wala za kuchemsha maji ya kunywa. Mama yako amezisema tangu juzi, na alizosahau kuzisema amezifunga kapuni pamoja na viazi vyako vikavu vya michembe. Mimi nataka kusema nawe juu ya difu uliyoifunga Jumapili.

Niliiona. Niliporudi kutoka kanisani nilikuta matone ya oili chini ya gari, na ile difu ya nguvu tuliyoitumia miaka yote imelala juu ya gunia. Ulipokwenda kuoga niliingia uvunguni kukagua. Nati zote zimekazwa sawasawa. Gasketi umeikata kwa karatasi nzito na kuipaka grisi pande zote mbili, kama nilivyokufundisha. Nilitafuta kosa katika kazi yako ili nipate pa kuanzia maneno, sikulipata. Ndiyo maana nimenyamaza siku nne.

Kosa, kama lipo, halimo katika kufunga. Limo katika kuchagua.

Kabula ameweka kalamu chini, ananiuliza difu ni nini hasa. Wewe unajua, lakini nimjibu, maana mtu hawezi kuandika vizuri jambo asilolielewa. Injini huzunguka upesi sana, lakini nguvu yake kwa kila mzunguko ni ndogo. Giaboksi hupunguza mbio hizo na kuongeza nguvu, na hapo dereva huchagua mwenyewe kwa mkono wake: gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha mzunguko huenda nyuma kwa propela, ule mhimili mrefu wa chuma chini ya gari, mpaka kwenye difu, katikati ya magurudumu mawili ya nyuma. Humo kijigurudumu kidogo cha meno huzungusha gurudumu kubwa la meno, na mbio hupunguzwa tena. Hapo dereva hachagui kitu. Aliyechagua ni yule aliyeifunga, siku aliyoifunga, na dereva atakwenda na uchaguzi huo kwenye kila mlima.

Ile difu uliyoikuta kwenye sanduku, ndani ya grisi, ina meno thelathini na manne kwa tisa. Kabula amegawanya, anasema ni tatu na robo tatu na kidogo. Sisi tuliiita difu ya mbio. Ile uliyoitoa ina thelathini na sita kwa saba, yaani tano na kidogo. Hujawahi kuniuliza kwa nini difu nzima isiyo na jino lililovunjika ilikaa sandukuni tangu ukiwa mtoto wa kutambaa. Labda ulidhani ni akiba. Haikuwa akiba.

Gari hili tulilinunua mimi na mjomba wako Masanja, baada ya vita, likiwa tayari kuukuu. Lilikuwa boksibodi, gari dogo la mizigo, lisilo na injini, limewekwa nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba nilikokuwa nikifanya kazi, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Tulilikusanya kama watu wanavyokusanya kuni: injini kutoka huku, giaboksi ya gia tatu kutoka kule. Difu tulipata mbili zinazoingia katika nyumba moja ile ile, moja ya gari dogo na moja ya lori. Ikabidi tuchague.

Hata kuzijua tu kulitushinda siku nzima. Hatukutaka kufungua kila kitu ili kuhesabu meno, basi tukaifunga mojawapo, tukainua gurudumu moja la nyuma, tukalichora alama ya chaki, tukachora na propela. Mimi nililizungusha gurudumu mara moja. Masanja alikuwa uvunguni akihesabu propela.

"Mbili na nusu," akasema.

"Hesabu vizuri, shemeji. Hakuna difu ya mbili na nusu."

"Nimehesabu. Au unataka nihesabu kwa Kizungu?"

"Labda umesinzia huko chini."

"Njoo wewe ulale juu ya mavi ya kuku, tuone kama utasinzia."

Tulibishana mpaka jua likageuka. Tuliona baadaye kwamba gurudumu moja likiwa hewani na jingine limesimama chini, lile la hewani huzunguka mara mbili ndipo gurudumu kubwa la ndani litimize mzunguko mmoja. Mbili na nusu ilikuwa tano. Masanja alikuwa amehesabu sawasawa, na mimi niliyekuwa nimesimama juu nikiwa msafi ndiye niliyekuwa sijui. Nakuandikia hili kwa sababu lilitokea tena baadaye, na mara ya pili halikuchekesha.

Tukaitoa ile ya tano, tukafunga ya mbio. Ulikuwa mwezi wa sita. Wewe unaijua mbuga yetu mwezi wa sita. Ule udongo mweusi umekauka na kuwa mgumu, barabara imenyooka, na kutoka hapa hadi unapochoka kutazama hakuna kilima cha kumchosha mbuzi. Tulilijaribu gari huko. Likaenda. Nilikuwa sijawahi kuendesha kitu kinachokwenda vile. Injini ilikuwa imetulia, inanguruma kidogo tu, na miti inapita. Nilimwambia Masanja kwamba difu ndiyo hii, ile nyingine tuiuze kwa mwenye lori. Masanja akasema tuiweke kwanza.

Mwaka ule pamba ilitoka vizuri, na baada ya mavuno ngoma zikaanza. Unajua mashindano yetu yalivyo: vikundi viwili hucheza uwanja mmoja siku moja, na mshindi ni yule anayewavuta watu wengi upande wake. Kikundi kimoja kilituomba tuwachukue wachezaji wao na ngoma zao. Wenzao walikuwa na lori. Tuliondoka nyuma yao, tukawapita njiani, na walipofika uwanjani walikuta wachezaji wetu wamekwisha kujipaka unga na watu wamewazunguka. Mwimbaji wa kikundi chetu akatunga wimbo papo hapo. Alisema gari la Masanja na shemeji yake, wanaolifuata hawaijui rangi yake, wanalijua vumbi lake.

Wimbo ule ulienea. Watoto waliuimba wakichunga. Wanawake waliuimba wakipalilia. Nilikuwa nikipita sokoni na mtu nisiyemjua ananiita Vumbi. Mama yako hakuupenda, lakini na yeye nilimsikia mara moja akiuimba akisonga ugali, akanyamaza aliponiona.

Mvua zilipokaribia, Masanja alikuja na ile difu ya pili begani.

"Shemeji, tubadilishe kabla njia hazijaharibika. Mwezi huu tutaanza kupeleka unga Geita, na kule kuna milima."

"Tutabadilisha."

"Lini?"

"Masanja, tukifunga hiyo tutakwenda kama fisi aliyeshiba. Watu watasema nini? Wimbo wenyewe bado wanauimba."

Alinitazama, akaiweka difu ukutani, akasema, "Haya." Hakurudia. Mjomba wako ni mtu wa kusema jambo mara moja, na wakati ule nilidhani kwamba anayesema mara moja hana hakika.

Safari ile tuliondoka na magunia ya unga na abiria wanane waliokuwa wakienda kutafuta kazi migodini. Tulipita Kahama vizuri, tukapita Segese, tukalala Ushirombo. Siku ya pili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Karibu na Geita kuna mlima wenye udongo mwekundu, hauko mbali na kijito. Utaujua utakapouona, barabara yake inapinda kushoto katikati. Nilianza kuupanda na gia ya pili, nikarudi ya kwanza, na ya kwanza yenyewe ilikuwa ndefu mno, mbio nyingi na nguvu kidogo. Hapo ndipo nilipoielewa ile difu. Chini ya gia ya kwanza hakuna gia nyingine. Ukifika hapo umefika mwisho wa ulivyo navyo, na mlima bado upo.

Abiria walishuka kusukuma. Mmoja wao, Mnyamwezi mwenye maneno mengi, alipiga kofi bodi la gari akasema, "Ndilo hili la vumbi? Leo limekula tope!" Wote wakacheka, na mimi nikakasirika. Nilikanyaga moto, nikaiachia klachi nusu ili injini isizime, na harufu ya klachi inayoungua ikaingia ndani. Mara ya kwanza tulipanda hatua kumi tukarudi. Mara ya pili vivyo hivyo. Masanja alikuwa akifuata nyuma na gogo, na kila gari liliposimama aliliweka chini ya gurudumu. Alikuja dirishani, maji yanamtiririka usoni.

"Yaya, hapana, shemeji. Tushushe unga. Tupande na gari tupu, kisha tubebe magunia mabegani."

"Magunia yataloa."

"Yataloa. Unga utakauka."

"Mara moja tu," nikamwambia. "Mara hii linapanda."

Mara ya tatu injini ilizima kwenye kona. Nilikanyaga breki. Sasa nisikilize vizuri, Shija, maana hapa ndipo nilipotaka kufika. Breki zilishika. Magurudumu yote yalisimama kabisa. Lakini gari zito likisimama juu ya udongo ule linateleza hata kama magurudumu hayazunguki, na lilirudi nyuma magurudumu yakiwa yamesimama hivyo hivyo, polepole, mpaka kwenye ukingo. Masanja alikuwa ameinama kuweka gogo. Gurudumu lilipita juu ya mguu wake wa kulia.

Abiria walimbeba mpaka hospitali. Walimkata nusu ya wayo. Alikaa huko hadi mvua zikaisha.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama yako kwamba breki ilikatika. Ni kaka yake, na alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama, na neno lile lilitoka kabla sijalifikiri. Kisha nikawaambia majirani, nikamwambia babu yako. Masanja aliporudi na fimbo yake watu walimwuliza, akanitazama kidogo, akasema, "Ndiyo, breki." Wewe umekua ukijua kwamba mjomba wako aliumizwa na breki. Ndiyo maana unazikagua kila asubuhi kuliko dereva yeyote ninayemjua. Nimekuona ukifanya hivyo miaka yote, na kila mara nilijua kwamba unalilinda gari na kitu ambacho hakikutokea.

Nilifunga difu ya nguvu, nikaitia ile nyingine ndani ya grisi. Tangu siku hiyo gari letu ni la mwisho barabarani. Najua vijana wenzako wanaliita gari la mazishi. Najua kwamba Jumamosi mmoja wao alikupita na baiskeli akakupungia mkono. Nilikuwa na umri kama wako wimbo ule uliponishika, basi sikushangaa Jumapili nilipoona oili chini.

Kabula ameacha kuandika, anaangalia karatasi. Nimemwuliza kama amechoka, anasema hapana, niendelee.

Jana nilikwenda kwa Masanja. Nilimkuta anasuka kamba uani. Nilimwambia, "Shija amefunga ile difu, anakwenda Geita nayo. Nataka kumwambia ukweli wa mlima, lakini ukweli ni wa mguu wako, kwa hiyo nakuomba ruhusa." Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima. Aliendelea kusuka.

"Mimi nilidhani umesahau," akasema.

"Nitasahauje?"

"Basi mwambie. Lakini mwambie yote. Mwambie wimbo ulitoka wapi."

"Wimbo alitunga mwimbaji."

"Nani alimwambia atunge?" Akaanza kucheka, na mabega yake yanatikisika. "Shemeji, wewe unadhani mwimbaji alijuaje jina langu, na kwa nini nilitajwa wa kwanza kwenye gari la watu wawili? Nilimfuata nyuma ya uwanja, nikamwomba. Hata lile neno la vumbi nilimpa mimi."

Alifuta macho, na kicheko kikamwisha.

"Nilipokuja na difu begani nilitaka unikatalie," akasema. "Ulipokataa nilifurahi. Hospitalini nilikuwa nikijiambia kwamba nimejitakia. Uliposema breki nikaona unanisitiri mimi."

Miaka yote hiyo, Shija, kila mmoja wetu alikuwa anadhani anasitiriwa na mwenzake. Tulikula pamoja, tukazika wazee wetu pamoja, na hapakuwa na siku tuliyolisema. Sijui nikupe fundisho gani kutokana na hilo. Nakupa lenyewe lilivyo.

Sasa la gari. Wakati ule sisi tulidhani kuna mambo mawili tu ya kuchagua, mbio au nguvu, na kila mmoja akashika upande wake. Lilikuwepo la tatu na tulilikalia. Tulikuwa tunabishana juu ya difu peke yake, na difu haifanyi kazi peke yake. Difu na giaboksi huchaguliwa pamoja, kama mtu anavyochagua jembe na mpini wake.

Nimemwomba Kabula afanye hesabu, nawe uihakikishe. Gia ya kwanza ya giaboksi yetu ya gia tatu hupunguza mara tatu hivi. Ukiwa na difu ya mbio, injini huzunguka mara kumi na moja na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo ndiyo iliyotushinda mlimani. Ukiwa na difu ya nguvu ni mara kumi na tano. Inapanda, lakini kwenye mbuga injini inapiga kelele kama mtoto anayenyimwa, na baiskeli inakupita. Lakini ile giaboksi ya gia nne niliyoipata mwaka juzi kwenye lori lililopinduka, ambayo umekuwa ukiniuliza ya nini, gia yake ya kwanza hupunguza mara sita na nusu. Iweke pamoja na difu yako ya mbio: mara ishirini na nne na nusu. Gari litapanda ule mlima na mzigo wake, polepole kama mwanamke mwenye mtungi kichwani, nawe hutagusa klachi. Na ukishuka upande wa pili, kwenye gia ya nne, litakwenda kama unavyotaka liende.

Ubaya wake nikuambie pia. Ni nzito. Haikubali kubadilishwa kwa haraka. Lazima ukanyage klachi mara mbili na kusubiri injini ilingane nayo, na ukiilazimisha itakukatia meno. Gia ile ya kwanza uiingize ukiwa bado chini ya mlima. Katikati ya mlima umekwisha kuchelewa. Na kwa kuwa ni ndefu kuliko ya zamani, propela yetu haiingii. Kwa hiyo nilitafuta propela nyingine, nikaikata, na fundi wa kuchomelea pale stesheni akaiunga. Nimeizungusha juu ya misumari miwili kuona kama imenyooka. Imenyooka. Nimefanya hivyo Jumatatu na Jumanne, siku ulizodhani nimekununia.

Siifungi mimi. Gari sasa ni lako, na usiku wa leo ningeweza kuifunga wewe ukilala, lakini ungefika kule ukiwa na uchaguzi wangu chini ya kiti chako, na hilo limekwisha kutosha katika nyumba hii. Ukitaka kwenda ilivyo, nenda. Lakini ukifika kwenye udongo mwekundu mvua ikinyesha, shusha mzigo kwanza, na anayekufuata nyuma na gogo akisema neno, hata mara moja, zima injini umsikilize. Yeye anaona gurudumu. Wewe unaona kioo tu. Ukitaka giaboksi, ni kazi ya siku nzima kwa watu wawili, na utaondoka keshokutwa. Mama yako atafurahi, atajifanya amekasirika.

Kabula atakupa barua hii utakapofika. Nimeona haya kuyasema haya uso kwa uso. Hilo nalo ulijue.

Ni mimi baba yako.

Kaka Shija, shikamoo. Hapa ninaandika mimi Kabula, si baba. Nilimsomea barua yote. Nilipofika mahali pa mjomba aliniambia nirudie, nikarudia, kisha akasema inatosha, akatoka. Hesabu zile nimezifanya mara mbili na ziko sawa. Sasa ninamwona kutoka dirishani. Ameingiza jeki chini ya gari na kuiwekea ubao ili isizame, lakini hajaliinua. Amekaa kando yake juu ya debe, anatazama njia utakayokuja nayo.